Yake ya Nani

Baba yangu alifundisha Kiingereza katika mji ambamo hakuna mtu aliyekuwa na haja nacho. Kolwezi ya wakati ule, nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire, ilikuwa na Kifaransa cha shuleni na ofisini, Kiswahili cha kila mahali, na lugha za nyumbani ambazo kila familia ilikuja nazo kutoka ilikotoka. Kiingereza kilikuwa somo la saa chache kwa juma, na wanafunzi walikaa humo wakipumzika kabla ya hesabu. Baba hakujali. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa na vumbi la chaki hadi kwenye kiwiko. Mama alilalamika kila Jumamosi alipofua.

Baba alizaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni ya migodi. Babu, Muluba wa Kasai, ndiye aliyetoka huko akiwa kijana, akaja kuchimba shaba, akapewa nyumba ya matofali mtaani Dilala, katika safu ya nyumba zilizofanana zote. Babu alipofariki baba alibaki ndani yake. Mama alikuwa Muluba wa upande wa Katanga, wa kaskazini, kwao si mbali sana na Kamina. Walikutana katika kwaya ya parokia. Kiluba cha mama na Kiluba cha baba vilikuwa kama ndugu wasiosalimiana, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili. Tulikuwa watoto wawili: mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye wakati ninaousimulia alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Neno lililompa baba kazi kubwa kuliko yote lilikuwa neno dogo: yake. Katika Kiswahili cha Kolwezi neno hilo linatosha kwa kila kitu. Kitabu yake, mutoto yake, nyumba yake. Watu wa pwani wangesema kitabu chake, mtoto wake, maana kwao neno hufuata kitu. Lakini hata kwao huwezi kujua kama mwenye kitu ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa nacho hufuata kitu. Nyumba ni ya kike, basi ni "sa maison", awe mwenye nyumba ni padri au ni bibi yangu. Kiingereza peke yake, baba alituambia, hugeuza shingo kumtazama mwenye kitu. "His" akiwa mwanamume. "Her" akiwa mwanamke. "Its" ikiwa ni mnyama au kitu. Kile kinachomilikiwa hakiulizwi.

Siku moja darasa zima lilikuwa likiandika kwamba yule mwanamke anamtafuta "his husband", na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu mume ni mwanamume. Baba aliweka chaki mezani.

"Yake ya nani?" aliuliza.

"Ya ule mama, mwalimu."

"Basi umuangalie ule mama. Bwana yake umuache kwanza."

Swali hilo alikuja nalo mpaka nyumbani. Mama akisema, "Musiguse ile sahani, ni yake," baba alitokeza kichwa mlangoni: yake ya nani? Mama alimjibu siku moja bila kuacha kupepeta unga: "Ya muntu mwenye anaulizaka mingi." Baba alicheka hadi akaketi.

Kulikuwa pia na lile jambo la "their". Kitabu cha sarufi tulichokitumia kilisema kila mwanafunzi lazima alete "his book", hata kama nusu ya darasa ni wasichana. Mwaka mmoja msichana wa darasa la juu alikuja bila kitabu, na alipoulizwa alijibu kwa utulivu kwamba sentensi ile ubaoni iliwahusu wavulana. Baba alitusimulia mezani huku anafuta machozi ya kicheko. Tangu siku ile aliandika "their book". Akasema Waingereza wenyewe huitumia "their" wanapokuwa hawamjui mtu: kuna mtu kasahau mwavuli "wao" hapa. Mtu mmoja, lakini anapewa neno la wengi, kwa heshima, mpaka ajulikane. Mkaguzi wa shule alipokuja alimwambia kwamba hilo ni kosa, mmoja ni mmoja. Baba alimpikia chai katika chumba cha walimu na hakubadilisha neno.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekaa mstari wa pili katika darasa la baba yangu mwenyewe, mambo yalipoanza kubadilika. Hayakuanzia darasani. Yalianzia kwenye mikutano, kwenye redio, kwenye foleni ya mkate. Kampuni ilikuwa inakufa. Sehemu ya mgodi ilikuwa imeporomoka, mishahara ilichelewa, vipuri havikuja, na wanasiasa walisema kwamba mwenye kosa ni mtu wa Kasai aliyekalia kazi ya mwenye nchi. Walituita bilulu, wadudu. Nililisikia neno hilo sokoni na kwanza sikujua kwamba ndani yake nilikuwamo mimi.

Kisha likaingia darasani. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, kijana mwerevu ambaye baba alimpenda, alinyoosha mkono. Aliuliza kwa Kiswahili kama shule ile ilikuwa ya nani.

"In English, please," baba alisema, kama alivyosema siku zote.

Kijana alisimama. Alifikiri kidogo. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba shule hii si "yours". Ni "ours".

Wengine walianza kupiga madawati kwa viganja. Si kwa nguvu. Baba alisubiri kelele ziishe, halafu akaandika maneno yale mawili ubaoni, akaeleza kwamba kwa maneno haya, na kwa "hers" na "theirs", hatuweki alama ya juu kabla ya "s", ingawa wengi hudhani inahitajika. Tukaandika. Kengele ikalia.

Jioni, wakati wa chakula, mama alitaka kujua ilikuwaje, kwa sababu habari ilikuwa imeshafika kwa majirani.

"Hakukosa hata kidogo," baba alisema. "Sentensi yote ilikuwa nzuri."

Mama alimtazama. Akaanza kukusanya sahani.

Baada ya hapo mkuu wa shule, aliyekuwa amesimamia ndoa ya wazazi wangu, alimwita baba ofisini na kumwambia apumzike kidogo nyumbani. Baba alipumzika. Alikaa mezani na kukata kalamu za risasi ambazo hakuna aliyeziandikia. Asubuhi moja tuliamka tukakuta maneno ya mkaa ukutani, upande wa barabara: MURUDIE KWENU. Mama alichukua ndoo na kitambaa. Baba alisimama nyuma yake, mikono mfukoni, akisoma.

"Neno hili Kiingereza hakina," aliniambia. "Kwenu. Utasema nini? 'Your place'? Hapana. 'Yours'? Haitoshi." Akaendelea kufikiri. "Na ningewauliza, kwetu ni wapi? Mimi nimezaliwa pale hospitali."

Mkaa haukutoka wote. Ulibaki kama kivuli cha kijivu.

Walikuja siku nyingine, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Walikuwa vijana wengi, wengine na fimbo, mmoja na galoni la petroli alilolibeba kwa uangalifu kama mtu aliyetumwa mafuta ya taa. Baadhi yao tuliwajua. Nyumba ya jirani yetu, Mkasai kama babu, ilikuwa imechomwa juma lililotangulia, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutueleza kitu. Mkubwa wao alimwambia baba tutoke kabla ya jua kufika kichwani. Halafu akamgeukia mama kwa sauti nyingine, ya adabu kabisa.

"Mama, weye ubakie. Weye uko wetu."

Mama alikuwa anamfunga mdogo wangu mgongoni. Alikaza kitenge, akapiga fundo, akaenda kuchukua sufuria.

Tulitoa godoro, sufuria mbili, beseni, blanketi, gunia la unga lililofika nusu. Vitabu baba aliviacha kwenye rafu, akavinyoosha migongo ikae sawa. Tulikuwa bado getini wakati familia nyingine ilipoanza kuingia. Mwanamke alikuja na beseni kichwani na watoto nyuma yake. Alipotufikia alisalimia, "Jambo mama," kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akikutana na mwanamke mwenzake getini. Mama aliitika. Halafu akamwambia kwamba mlango wa jikoni hufungwa kwa kuuinua kidogo, la sivyo unakwaruza sakafu. Yule mwanamke alisema asante mama.

Nimelisimulia jambo hilo kwa watu kadhaa na wote walitaka kujua nilisikia nini moyoni. Nilikuwa nimebeba beseni lenye sufuria ndani, na sufuria zilikuwa zinagongana. Nilikuwa najaribu kutembea ili zisigongane.

Kituo cha reli kilikuwa kimejaa. Watu walikuwa wamelala kwenye jukwaa, kwenye vichochoro vya mabohari, kati ya reli, hadi kwenye nyasi za upande wa pili. Kila familia ilipanga vitu vyake kuwa mpaka na kulala katikati. Ilisemwa kwamba treni itakuja kesho. Ilisemwa hivyo kila siku. Tulikaa mvua zikaanza, zikashika, na sisi bado tuko. Watawa walileta uji na maji. Wale vijana walipita nyakati nyingine kwenye ukingo wa uwanja wakiimba.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuja mwanzoni kabisa. Alikuwa karani wa kampuni, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, na alitembea kati ya magodoro akiinua miguu juu kama anayevuka matope. Alimsalimia baba vizuri. Kisha akachuchumaa mbele ya mama.

"Dada, rudia ku nyumba. Hapa si fasi yako."

"Na batoto?"

"Batoto bakwende na baba yabo. Unajua kwetu. Mutoto ni wa baba yake."

"Ni batoto yangu."

"Sisemi hapana. Lakini nikibaingiza mu nyumba yangu, kesho ile bakijana banakuya kuniuliza ni ba nani. Nitabajibu nini?"

Baba alikuwa amekaa palepale, anaweza kugusa mguu wa mjomba akinyoosha mkono. Alitazama reli. Mama alipukuta unga uliokuwa kwenye nguo yake.

"Basi na mi niko yake," alisema.

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kabla, na sikumsikia tena baadaye. Mjomba alisimama, akatuachia mkate aliokuwa ameuficha ndani ya koti.

Siku zilikuwa ndefu na hazikuwa na kazi. Baba alianza kuwafundisha watoto. Sijui kama alipanga. Alianza na mimi na wasichana wawili wa godoro la jirani, halafu wakaongezeka. Hakukuwa na ubao, kwa hiyo alitumia vitu vilivyokuwepo. Aliinua sufuria. "Whose pot is this?" Watoto walimwonyesha mwanamke mwenye sufuria. "It is hers," walipiga kelele, na yule mwanamke, aliyekuwa amepoteza nyumba na duka, alificha mdomo kwa kitenge akacheka. Kofia ya mzee ilikuwa "his". Mkia wa mbuzi wa mtu fulani, aliyefungwa kwenye nguzo, ulikuwa "its". Kiatu kimoja kilichokuwa kimelala kwenye reli tangu tulipofika, ambacho mwenyewe hakuna aliyemjua, baba alisema ni "their shoe". Mtoto mmoja alipinga: kiatu ni kimoja, mtu ni mmoja. Baba alieleza kwa uvumilivu, kama alivyomweleza mkaguzi. Hatumjui, alisema. Hatujui ni mama au ni baba. Tunampa "their" mpaka aje kukichukua.

Karibu na sisi kulikuwa na mwanamke mwenye mimba kubwa. Mumewe alikuwa fundi umeme. Alijifungua mchana, wanawake wakiwa wamemzungushia vitenge, na sisi watoto tukaambiwa tugeuke upande wa mabohari. Tulimsikia mtoto akilia. Watu wa jukwaani walipiga vigelegele. Mama alikuwa mmoja wa waliosaidia, na aliporudi mikono yake ilikuwa na harufu ya sabuni ya watawa.

Mtoto yule alikaa nasi siku chache. Mvua ilikuwa inanyesha. Asubuhi moja fundi umeme alikwenda na wanaume wawili na baba yangu, wamebeba kitu kidogo kilichofungwa katika kitenge cha kijani, wakarudi mikono mitupu na udongo kwenye viatu.

Nilimwuliza mama alikuwa mtoto gani, wa kiume au wa kike.

"Mutoto," mama alisema.

Nilidhani hakusikia. Niliuliza tena.

"Mutoto. Ilikuwa mutoto."

Niliacha. Mpaka leo sijui. Nikimtaja kwa Kiswahili sihitaji kujua. Nikimtaja kwa Kiingereza, na nimewahi kumtaja kwa Wazungu wawili watatu ambao nimefanya nao kazi, nasema "they", na wao hudhani nasema habari za watoto wengi. Kwa kweli wengi pia walikuwepo. Surua iliingia kituoni mwezi huohuo.

Mdogo wangu alishikwa. Macho yalivimba, vipele vikatoka nyuma ya masikio, kisha kifuani, na kifua chake kikaanza kutoa mlio. Watawa walikuwa na dawa kidogo na watu wengi. Mama alimbeba siku nzima akizunguka naye jukwaani. Kesho yake alimwambia baba kwamba anakwenda kwa kaka yake. Kaka yake alimjua muuguzi wa hospitali ya kampuni. Kama mjomba hataki kumwona mtoto mlangoni, atakaa naye uani.

"Nitarudia jioni," alisema. "Ao kesho asubui."

Baba alisema sawa. Alimwekea mtoto kofia yake mwenyewe kwa sababu ya mvua. Mama aliniambia nisiache unga ulowe. Waliondoka wakipita kati ya magodoro, nikauona mgongoni kwake uso wa mdogo wangu chini ya kofia ya mwanamume, kubwa mno.

Treni ilikuja mchana wa siku hiyohiyo.

Ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, mengine hayana paa. Watu walisimama wote kwa pamoja. Askari walikuwa wanapanga kwa fimbo: sehemu hii ndani, sehemu ile ingoje. Sehemu yetu iliambiwa ndani. Baba aliuliza kama tunaweza kungoja treni ya nyuma. Askari alimjibu kwamba anayekataa nafasi hana tena nafasi, na kwamba yeye hatakuwepo hapa kuwazuia wale wa nje usiku huu. Nyuma ya uzio tuliwaona, walikuwa wengi kuliko siku zote.

"Niende nimuite mama," nilisema.

Baba alitazama upande wa mji. Kutoka kituoni hadi kwa mjomba ilikuwa mbali, na njia yote ilikuwa yao.

"Hapana," alisema. "Mama anajulikana hapa. Hakuna mwenye atamugusa. Atakuya na treni ingine."

Alinishika chini ya makwapa akanipandisha kwenye behewa, kama mtoto mdogo, ingawa nilikuwa karibu kumfikia bega. Halafu godoro. Unga ulilowa.

Njiani sikumbuki mengi. Kwenye kituo cha Lubudi treni ilisimama muda mrefu. Wanawake wa pale walikuja na maji katika vikombe vya plastiki na mihogo ya kuchoma, wakapitisha kati ya mbao za behewa. Mmoja wao alinipa kikombe na kusubiri nimalize.

"Mama yako iko wapi?" aliniuliza.

"Iko," nilisema. Yupo.

Alichukua kikombe chake akaenda kwa mwingine. Mzee wa kofia, yule ambaye kofia yake tulikuwa tumeitolea mfano, alifariki kabla ya Kamina. Mwanawe alimvua kofia akaivaa.

Tulishuka Mwene-Ditu, mji wa Kasai ambao baba hakuwahi kuuona. Hapo ndipo palipokuwa "kwetu". Watu walitupokea kadiri walivyoweza, lakini walituita watu wa Katanga, na watoto walicheka Kiswahili changu kisimani. Baba alisema Kiluba cha babu, cha miaka ya zamani, na vijana walimsikiliza kama wanaomsikiliza marehemu. Tulipewa uwanja nyuma ya kanisa. Baada ya muda alipata darasa, kisha shule. Alifundisha vilevile. Lakini nyumbani hakuuliza tena yake ya nani. Hakukuwa na mtu wa kumjibu.

Mama hakuja na treni nyingine. Kulikuwa na treni, na tulikwenda kuzipokea, mimi na baba, tukasimama mahali palepale penye taa mbovu. Watu wengine walishuka. Baadaye treni zikawa chache. Baadaye vita vikakata njia. Msafirishaji mmoja Mwislamu wa Maniema, aliyekuwa akipita na lori lake huku na kule kabla ya vita, alikuwa ametuletea salamu: mama ni mzima, mtoto alipona. Baba alimshukuru, akampikia chai. Lakini usingizi wake haukurudi, wala hamu ya kula. Alifariki miaka michache baadaye, kwa tumbo, katika msimu wa kiangazi. Aliniachia darasa lake. Mkuu wa shule aliniomba nishike mpaka apatikane mwalimu, na hakupatikana.

Nilirudi Kolwezi nikiwa mtu mzima. Kampuni za kigeni zilikuwa zimekuja kwa ajili ya shaba na kobalti, na Kiingereza, ambacho hakikuwa na kazi, sasa kilikuwa na kazi kila mahali. Waliniajiri kuwafundisha madereva na makarani. Juma la kwanza sikwenda kwa mjomba. La pili nilikwenda, kwa pikipiki ya abiria, na yule dereva ilibidi aniulizie njia kwa sababu nyumba zilikuwa zimeongezeka.

Mama alikuwa uani, anachambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa amenenepa na nywele zilikuwa nyeupe pembeni. Aliniona, akaniangalia muda, akaweka majani chini, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubinya kama anayepima kitambaa.

"Baba yako?"

"Alikufa, mama."

"Lini?"

Nilimwambia. Alitikisa kichwa. Alikaa tena, akachukua majani.

"Nilirudia ile siku," alisema. "Jioni, vile nilisema. Nilikuta fasi yetu wazi. Beseni tu ilikuwa imebakia."

"Tuliisahau."

"Ninayo mpaka sasa." Akaisogeza kwa mguu. Sombe lilikuwa ndani yake. "Ulikula?"

Nilisema bado. Akaniwekea kiti.

Mjomba alikuwa amezeeka, hasikii vizuri. Alinishika mikono yote miwili na kulia, na mama alimpa kitambaa kwa namna ya mtu aliyezoea. Nilijua baadaye kwamba ile siku alimpokea mdogo wangu kwa mlango wa mbele, na vijana walipokuja kuuliza ni mtoto wa nani, alisema ni wake. Akaendelea kusema hivyo. Mdogo wangu alikua anamwita tata, yaani baba, na jina la ukoo wake ndilo lililoandikwa shuleni.

Huyo mdogo wangu sasa anaishi Fungurume. Ana nyumba ya wageni karibu na maegesho ya malori, vyumba safi, na ukumbi wa chakula ambao madereva wa Zambia na Tanzania huusifia njia nzima. Ni mwanamke mkubwa, mwenye sauti, anayejua kumtoa mlevi mlangoni bila kumgusa. Ananiita yaya, yaani mkubwa wake. Tunaonana mara kwa mara na hatuna mazungumzo mengi; anaishi kwa haraka, mimi nimezoea ukimya.

Mara ya mwisho alikuwa amemwita mchoraji wa mabango. Wageni walikuwa wanaondoka na funguo za vyumba hadi mpakani, na alitaka tangazo ukutani kwa Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kimekwisha: KILA MUGENI AACHE FUNGULO YAKE HAPA. Mchoraji aliniuliza Kiingereza.

Nilimwandikia kwenye kipande cha katoni. Every guest must leave their key here. Aliitazama katoni, brashi ikidondosha rangi nyekundu kwenye kiatu chake. Alikuwa amefanya kazi Kitwe, Zambia, alisema, na Kiingereza anakijua. "Their ni ya bantu mingi, mama. Hapa ni mugeni moja. Niandike his?"

"Kunakuyaka na bamama pia," mdogo wangu alisema.

"Basi his or her."

"Itajaza ukuta," nilisema. Nikamweleza, kama nilivyoelezwa, kwamba mtu tusiyemjua hupewa neno hili. Alisikiliza, akanung'unika kidogo, akapanda ngazi.

Tulikaa tukimwangalia. Mdogo wangu alikuwa na hesabu za jikoni kichwani, nilimwona akizipanga. Lakini mchoraji alipofika katikati ya neno, yeye aliniuliza, bila kugeuka:

"Yaya, baba alikuwa muntu wa namna gani?"

Hakusema tata. Tata ni mjomba. Nilielewa anamsema nani.

Nilimkumbuka amesimama mbele ya ukuta wenye mkaa, amesimama kwenye behewa, amesimama ubaoni. Kila nilipokaribia kusikia kitu, kiliondoka.

"Alikuwa anafundisha Kiingereza," nilisema. "Alikuwa anachekaka."

"Anachekaka sana?"

"Zamani, ndiyo."

Mpishi alimwita kutoka jikoni, mafuta yameisha, akanyanyuka na kwenda. Mchoraji alishuka kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaangalia kazi yake akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza kama anaweza kupata chakula kabla ya kupaka rangi ya pili. Nilimwambia akae. Wali ulikuwa tayari, na samaki wa mto Lualaba, na tulikula sisi wawili tukingoja ukuta ukauke.